Koko na Daraja la Maua

Kwa Kilingala, kinachosikika sana Bunia, mji wa Ituri nchini Kongo, koko ni babu au bibi. Mtoto wa huku akiambiwa kuna katuni iitwayo Coco, hudhani ni hadithi ya koko fulani, na hakosei sana. Filamu hiyo ya studio ya Pixar, iliyotoka mwaka 2017, inamhusu bibi kizee wa Mexico anayeshinda kitini, kumbukumbu zikimponyoka siku hadi siku. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani anayemkumbuka baba yake. Siku atakayosahau yeye, baba huyo hatakuwapo tena popote, si juu ya ardhi wala huko waliko wafu.

Nimeitazama mara nyingi, na kila mara narudi kwenye swali lile lile. Katika filamu, wafu huja kuwatembelea ndugu zao mara moja kwa mwaka kwa kupita daraja lililotandikwa maua ya rangi ya machungwa. Je, koko wetu wa Gety angeruhusiwa kupita?

Swali hilo lina uzito kwetu, kwa sababu Kongo ina sikukuu yake ya wafu, ingawa wengi hawaiiti hivyo. Tarehe 1 Agosti ni Sikukuu ya Wazazi, siku ya mapumziko nchi nzima. Asubuhi ni ya waliotangulia. Watu huamkia makaburini na majembe, panga na ndoo. Hufyeka majani, hupaka chokaa, huusimamisha msalaba ulioinama, kisha hukaa kidogo kimya. Mchana ni wa walio hai. Mzazi hupikiwa, hununuliwa kitenge, hupigiwa simu na mtoto aliye mbali. Anayetoka kwenye kaburi la baba yake huenda kumsalimia mama yake viatu vikiwa na udongo ule ule. Sijui sikukuu nyingine inayowaweka wazazi wa pande mbili za udongo ndani ya siku moja namna hii, na sijaona katuni hata moja iliyoichora asubuhi ile.

Katuni zilizopo zimechora sana sikukuu ya wenzetu wa Mexico, Día de los Muertos, inayoadhimishwa tarehe 1 na 2 Novemba, siku zile zile Wakatoliki wa Gety na Bunia wanapowakumbuka watakatifu na marehemu wote. UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Wamexico wenyewe waliichora kabla ya Coco: mwaka 2001 René Castillo alitoa Hasta los huesos, filamu fupi ya vinyago vinavyosogezwa kwa mkono, ya mtu anayefikishwa kuzimu akikataa kufa na kukuta mifupa inacheza muziki. Mwaka 2014 Jorge Gutiérrez, akisimamiwa na Guillermo del Toro, akatoa The Book of Life, ambamo wahusika wamechongwa kama wanasesere wa mbao na wafu wana nchi mbili, ya wanaokumbukwa na ya waliosahauliwa. Ile ya kwanza imejaa taa na ngoma, ya pili ni vumbi na majivu. Miaka mitatu baadaye ikaja Coco, ikachuma zaidi ya dola milioni 800 duniani na kubeba tuzo mbili za Oscar. China peke yake, nchi yenye sikukuu yake ya kusafisha makaburi iitwayo Qingming, iliipokea kwa machozi na kwa tiketi nyingi mno.

Jambo kubwa ambalo filamu hizi zimefanya ni kuwaondolea wafu kitisho. Hilo kwetu si dogo. Katika sinema zetu nyingi za Kiswahili, na hata zile za Nigeria tulizokulia, mfu akirudi amerudi kulipiza kisasi: macho meupe, sauti nzito, mchungaji akikemea. Coco inampa mtoto wa miaka 12, Miguel, nafasi ya kukaa na mifupa ya koko wa koko wake, akagombezwa nayo na kukumbatiwa nayo, na mtazamaji mdogo hatoki na jinamizi. Mifupa ile ina adabu za ukoo. Inajali nani kaoa nani, nani aliondoka bila kuaga, nani anastahili kusamehewa. Huo ndio uzoefu wetu wa wafu hasa. Mtu wa Ituri akimzungumzia baba yake aliyefariki, hazungumzii jini. Anazungumzia mtu mwenye hasira zake na mapenzi yake, aliyeacha deni kwa jirani na neno ambalo hakulimaliza.

Hata hivyo, mtu akitaka kuitafsiri filamu hiyo kwa Kiswahili atakwama kwenye maneno. Vibanda vya video vya Afrika Mashariki vina wafasiri wao mashuhuri: Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, watu wanaoipa filamu ya kigeni sauti ya nyumbani. Mfasiri wa aina hiyo angewaitaje watu wale wa mifupa? Akisema mizimu, ukumbi mzima utashika pumzi ukingoja damu, maana neno hilo limechakazwa na sinema za kutisha hata likasahau kwamba zamani lilikuwa la heshima. Akisema wahenga, watazamaji watangoja methali. Marehemu ni mtu mmoja mwenye jina, alitangazwa kanisani au msikitini. Wafu ni neno la Biblia, linangoja ufufuo. Mimi ningechagua waliotangulia. Neno hilo linasema kwamba njia ni moja na sisi tuko nyuma yao, na filamu nzima ya Coco imesimama juu ya wazo hilo.

Kuna kitu kingine ambacho mtazamaji wa Gety, aliyelelewa katika parokia au katika kanisa la kiprotestanti, atakiona haraka. Nchi ya wafu katika Coco haina hukumu. Hakuna anayeulizwa aliishije. Mwovu anaishi katika jumba la kifahari kwa sababu anakumbukwa na wengi, na mwema analala vibandani kwa sababu hakuna anayemtaja. Sikukuu iliyofungamana na kalenda ya Kanisa kwa karne nyingi imechorwa karibu bila Kanisa. Naelewa kwa nini: studio inataka Mbuddha wa Beijing na Mkatoliki wa Bunia wakae katika viti vya ukumbi mmoja. Lakini mzigo wote ambao zamani ulibebwa na Mungu, kazi ya kukumbuka kila mtu bila kubagua, umeshushwa ukawekwa kichwani mwa bibi kizee mmoja anayesahau. Ndiyo maana filamu inaliza hivyo.

Nirudi kwenye daraja. Mwanzoni mwake kuna maafisa wa forodha. Mfu husimama mbele ya mashine, uso wake ukatazamwa: je, kuna nyumba iliyoweka picha yake juu ya meza ya sadaka mwaka huu? Ikiwepo, anapita, anatakiwa sikukuu njema. Isipokuwepo, anarudishwa. Héctor, baba yake Coco, anajaribu kupita kwa kujigeuza mtu mwingine, anakamatwa, kisha anakimbilia darajani, na maua yanambwaga kama mchanga. Sehemu hiyo imechorwa ichekeshe. Sisi tunaoishi karibu na mipaka, tunaojua foleni ya Kasenyi na ya Mahagi, tunajua mtu asiye na karatasi anavyotazamwa.

Sasa fikiria Gety. Iko kusini mwa Bunia, kama kilomita 60, katika uchifu wa Walendu-Bindi, teritwari ya Irumu. Mwaka 2006, jeshi na wanamgambo walipopigana, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia hapo, wakalala chini ya matawi na maturubai. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria, na godoro akiweza. Picha ya baba iliyotundikwa ukutani huungua pamoja na ukuta. Na wapo wengi ambao hawakuwahi kupigwa picha kabisa, kwa sababu mpiga picha alikuwa Bunia na Bunia ilikuwa mbali. Kwa sheria ya daraja lile, wote hao wamezuiliwa. Filamu haikuwakusudia ubaya. Iliandikwa na watu ambao kwao kila nyumba ina picha.

Katika Ituri, daraja lile limewahi kuwepo kweli, lenye maafisa kweli. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo, Germain Katanga, kwa shambulio hilo tarehe 7 Machi 2014, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Kisha ikaja zamu ya fidia. Watu 341 waliomba. Majaji walipima ombi moja moja, wakitazama hati kama za kifo na za undugu, huku wakikiri kwamba vita na miaka vimefanya hati kuwa ngumu kupatikana. Tarehe 24 Machi 2017 wakatangaza kwamba 297 wamekubaliwa, kila mmoja akipewa dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, masomo na kujipatia riziki. Waombaji 44 hawakupita. Sisemi majaji walikosea. Mahakama haiwezi kuhukumu bila ushahidi. Nasema kwamba mtu aliyekaa mbele ya dawati akitakiwa kuthibitisha kwa karatasi kwamba alikuwa na baba, akija kutazama Coco, ataielewa sehemu ya forodha kuliko walioichora.

Na Bogoro si jina pekee. Songolo ni Agosti 2002, Nyankunde ni Septemba ya mwaka huo huo. Kila moja ya siku hizo ina wafu wa kabila fulani, na kila kabila la Irumu lina siku yake ambayo jirani hapendi kuitaja. Hapa ndipo katuni zinapotuacha njiani. Katika Coco mna mauaji: Héctor alilishwa sumu na rafiki yake, mwimbaji Ernesto de la Cruz, aliyeiba nyimbo zake akawa shujaa wa taifa. Ukweli unapofichuka, sanamu ya Ernesto inaachwa ishike vumbi na Héctor anarudishiwa heshima. Naipenda sehemu hiyo kwa dhati. Inasema wazi kwamba kumkumbuka mfu bila kusema aliuawaje ni kumkumbuka nusu. Lakini ni mfu mmoja na mwuaji mmoja, na mwuaji hakuwa na watoto wanaosoma darasa moja na watoto wa aliyeuawa.

Encanto, ya Disney, ya mwaka 2021, ilisogea karibu zaidi nasi, ingawa haina sikukuu ya wafu. Bibi Alma wa Kolombia alikimbia kijiji chake usiku na watoto mapacha watatu mikononi. Mume wake Pedro alirudi nyuma mtoni kuwazuia wapanda farasi wenye silaha, wakamwua mbele ya macho yake. Mshumaa aliokuwa ameushika ukageuka muujiza, ukamjengea nyumba na mlima wa kumficha. Kila mwanamke wa Gety aliyekimbia na mtoto mgongoni anamjua Alma. Anajua pia ukali wake: mtu aliyepoteza kila kitu usiku mmoja huwabana walio hai wasikosee hata kidogo. Waandishi wa filamu hiyo waliona jambo la kweli, kwamba huzuni isiyosemwa hurithiwa na wajukuu wasioijua. Ila wauaji wa Pedro hawana uso. Wanatoka gizani, wanarudi gizani. Milima ya Irumu haiko hivyo. Aliyeua na aliyefiwa wanakutana kwenye soko la Jumamosi, na tarehe 1 Agosti wote wana makaburi ya kufyeka.

Tena si kila mfu ana kaburi la kufyekwa. Tarehe 1 Agosti 2018, siku ya Sikukuu ya Wazazi yenyewe, serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini, na Ituri nayo ikaguswa. Ulidumu hadi 25 Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2,200. Waliokufa walizikwa na vikosi vya watu waliovaa nguo za kujikinga, familia ikisimama mbali. Mtoto hakumwosha mama yake. Kwa waliopitia hayo, asubuhi ya 1 Agosti inabeba deni la mikono, na deni hilo hakuna picha ya mezani inayolilipa.

Picha si lazima iwe ndiyo cheti cha mfu. Wamijikenda wa pwani ya Kenya humsimamishia mzee wa chama cha gohu kigango, mti uliochongwa usiofanana na sura ya mtu yeyote, na humo ndimo marehemu hukaa na kuombwa. Wezi waliving'oa vigango vingi vikauzwa Marekani; mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver iliamua kurudisha 30. Mchoraji anayetaka kuonyesha wafu waliokwama ng'ambo wasiweze kurudi nyumbani hana haja ya kubuni kitu. Hadithi ipo, na haina daraja la maua, ina stoo ya makumbusho.

Hapo tumefika kwenye suala la mali. Mei 2013, Coco ikiwa bado inatengenezwa, kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno Día de los Muertos kuwa alama yake ya biashara. Wamexico walioko Marekani walipiga kelele kwa siku chache tu, ombi likaondolewa. Mchoraji Lalo Alcaraz, aliyeshiriki kelele hizo kwa kalamu yake, baadaye akaitwa awe mshauri wa filamu. Kwa maoni yangu, uzuri wa Coco umetokana kwa sehemu na aibu ile, maana baada yake watengenezaji waliwasikiliza wenye sikukuu. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatukuamka mapema hivyo. Kampuni hiyo hiyo iliomba kusajili Hakuna Matata mwaka 1994, mwaka wa The Lion King, ikakubaliwa mwaka 2003, na malalamiko makubwa yakaja mwaka 2018. Filamu yenyewe ina majina yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, lakini wafu wake si wetu. Wafalme waliopita wanakuwa nyota. Mufasa hana kaburi, hana chakula anachowekewa, hana mtoto anayemfyekea majani. Kwa nyota hakuna kazi ya kufanya, unatazama juu basi.

Sinema pia hubadilisha sikukuu inayoichora. Mwaka 2015 filamu ya James Bond, Spectre, ilifunguka kwa gwaride kubwa la mifupa katika jiji la Mexico. Gwaride hilo halikuwepo. Lilibuniwa kwa ajili ya filamu. Mwaka uliofuata jiji likaanza kulifanya kweli, na hadi leo watalii huja kulitazama. Hata wanyama wa rangi kali wanaowaongoza wafu katika Coco, alebrije, hawakuwa wa sikukuu hiyo. Vinyago hivyo vilianzia kwa fundi wa Mexico aitwaye Pedro Linares, miaka ya 1930. Watoto wanaokua sasa watadhani ni vya tangu zamani. Kwa hiyo anayechora 1 Agosti kwanza, ndiye atakayetuambia 1 Agosti ni nini. Nisingependa awe mtu ambaye hajawahi kushika jembe siku hiyo.

Na Kongo haianzi sifuri. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa filamu ya chura anayekwenda ukweni, kutoka katika ngano za Watetela. Mwaka 1992 akafanya jambo ambalo kwangu ni ufunguo wa habari hii yote: Kinshasa, septembre noir, inayosimulia kwa michoro ya watoto jinsi wanajeshi walivyopora Kinshasa Septemba 1991. Mtoto alichora alichokiona, Kibushi akakitia mwendo. Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim walitoa Machini mwaka 2019, ambamo mawe na chaki vinageuka watu wanaoishi ndani ya vumbi la migodi. Hawakuwa na kompyuta za California. Walikuwa na kamera, mawe na subira.

Subira ndiyo inayohitajika zaidi. Sekunde moja ya katuni hutaka picha 24, au 12 kwa anayebana matumizi. Kwa huyo wa pili, filamu ya dakika tano ni picha 3,600 hivi, kila moja ikiwa imesogezwa kidogo kutoka ile ya kabla. Kazi hiyo inafanana na kufyeka kaburi: mwendo ule ule, tena na tena, hadi umbo la aliyelala pale lionekane.

Naiona filamu hiyo. Haina daraja wala forodha. Asubuhi, ukungu juu ya vilima vya Walendu-Bindi, mwanamke na mjukuu wanashuka na jembe moja. Kaburi la kwanza lina msalaba. La pili lina jiwe tu. La tatu halipo. Bibi anasimama penye nyasi, anataja jina, wanafyeka hivyo hivyo. Ng'ambo ya kijito kuna watu wengine, wa kabila lingine, nao wanafyeka. Hawasalimiani. Mjukuu anatazama ng'ambo, na kule kuna mtoto wa rika lake anayetazama huku. Sijui filamu ingeishia wapi, na sitaki mtu wa mbali aiamulie.

Wewe uliye Gety, Aveba, Bogoro au Nyankunde, 1 Agosti ijayo kabla hujatoka na jembe, chukua daftari. Mwulize mama, mwulize koko, majina yote anayoyakumbuka, ya wenye makaburi na ya wasio nayo, na waliondokaje. Andika hata yale yanayouma. Na kama una mtoto nyumbani anayechora mchangani kwa kijiti, mpe karatasi.